Kuku wa Mama na Maktaba ya Dunia

Kila anayenihubiria kwamba intaneti ni maktaba ya elimu yote ya binadamu, mimi humuuliza swali moja tu: kuku alikuwa wa nani? Hukodoa macho. Basi, wacha akodoe. Mimi maktaba hiyo naijua tangu ilipoingia kwetu mwishoni mwa miaka ya tisini, na ilipoingia, kitu cha kwanza ilichofanya ni kumnyang'anya mama yangu shamba.

Aliyetuletea habari zake ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alikuwa amesomea kompyuta Migori kwa miezi michache, akapata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya mradi mmoja wa maji, na tangu hapo hatukupumua. Akija Kosele siku ya soko, tai shingoni na jua linawaka, husimama karibu na akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, na kutangaza kwamba vitabu vimekwisha. Ati sasa kuna maktaba moja isiyo na kuta wala mlango, na kila kitu ambacho binadamu amewahi kukijua kimo ndani. Ukitaka dawa ya minyoo, imo. Ukitaka umbali wa kwenda mwezini, umo.

"Na akili?" mama yangu alimuuliza siku moja.

"Hata hiyo imo, mama. Ni kujua tu pa kubonyeza."

"Basi bonyeza haraka, mwanangu. Umechelewa."

Mama alikuwa na ulimi, na ulimi huo ulimponza. Alikuwa Mkuria wa Kegonga, akaolewa na baba yangu, Mjaluo wa Kosele, na kwa sababu hiyo lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili. Alikuja na Kiswahili chake cha mpakani, kilichonyooka kuliko chetu. Baadaye alijifunza Dholuo vizuri kabisa, lakini mashemeji waliendelea kumjibu kwa Kiswahili makusudi, asije akasahau kwamba ni mgeni. Walimwita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Akisema neno la maana, walicheka. "Nyar Kuria, wewe mila zetu utazijulia wapi?"

Baba alipofariki, miaka kadhaa kabla ya maktaba hiyo kutufikia, mdogo wake alikuja kutangaza kwamba yuko tayari kumrithi mama. Kurithi mjane ni desturi ya kwetu, sikatai. Lakini baba mdogo hakuja kwa ajili ya mjane. Alikuja kwa ajili ya shamba la chini, lile lililo kando ya kijito, lenye udongo mweusi unaoshika maji hata mvua ikikawia. Shamba hilo ndilo lililotulisha na kutusomesha. Mama alimwambia kwamba yeye ni mtu wa kanisa, na hata angekuwa si wa kanisa, hawezi kurithiwa na mwanamume ambaye jembe lake limefumwa utando na buibui. Alimwambia hayo mbele ya watu. Baba mdogo akaondoka akipangusa kofia yake, ile ya kijani yenye manyoya ya kanga pembeni, ambayo hakuivua hata kanisani, na sote tukajua kwamba vita vimeanza.

Mwaka uliofuata alifika kijana mmoja Mzungu, mwanafunzi wa chuo fulani huko Ulaya, anayekusanya mila. Alikuwa mpole, jua limemchoma pua, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye kitabu. Baba mdogo alimdaka pale sokoni kabla wazee wengine hawajamwona. Akamleta wapi? Nyumbani kwa mama yangu, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya mabati na ilikuwa na viti vya kukalisha mgeni. Akamwamuru mama achinje.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mgeni ni mgeni. Mama alimchinja kuku wake mwekundu, mtagaji, ambaye alimpenda kuliko alivyompenda mtu yeyote wa ukoo ule. Nilikuwa Form Two wakati huo, nimerudishwa nyumbani kwa karo, na mimi ndiye niliyewanawisha mikono na kuwaletea sahani pale nje mlangoni walipoketi. Baba mdogo alikula firigisi, akala paja, akajifuta midomo, kisha akaanza kufundisha. Mgeni akauliza, mjane kwenu anaishi vipi? Na baba mdogo, bila hata kupepesa macho, akajibu: "Mjane asiyerithiwa hashiki jembe katika shamba la mumewe. Ndugu wa marehemu ndiye anayelishika. Huyo ndiye jicho la marehemu."

Jicho la marehemu! Nusura niangushe birika. Mama yake mzazi, bibi yangu, alikuwa mjane aliyekataa kurithiwa, na alimlea yeye huyo huyo kwa jembe, katika shamba hilo hilo. Alichimba mpaka mgongo ukapinda. Naye mwanawe sasa ameketi kwenye kiti cha mjane mwingine, ameshiba kuku wa mjane, anasema wajane hawalimi. Mgeni aliandika yote, akashukuru, akampiga picha mwalimu wake akiwa pale pale kitini, akaenda zake.

Nilimwuliza mama jikoni kwa nini hakutoka kumkanusha. "Mwache," alisema, macho yanamtoka machozi ya moshi. "Mgeni ataondoka na uongo wake, utafia njiani." Nami nilitulia, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Walitufundisha mambo mengi ya kipuuzi shule ile.

Miaka ikapita. Mama alilima shamba la chini kila msimu, na kila msimu baba mdogo alikuja kusimama ukingoni na kutaja chira, ile laana ya kuvunja mwiko inayomdhoofisha mtu mpaka akauke. Mama hakukauka. Alizidi kunenepa, na hilo lilimuudhi baba mdogo kuliko kitu chochote. Kwetu nyumbani tulikuwa na mzaha wetu. Wakati wa mavuno, tukimwona anakaribia, dada yangu alikuwa akisema, "Jicho la marehemu limeamka." Wakati wa palizi, jicho hilo lilikuwa limelala fofofo.

Mwishowe alipeleka shauri kwa naibu wa chifu, na naibu wa chifu akaita wazee. Mimi nilikuwa tayari nafundisha shule ya msingi, mwalimu asiye na cheti, na nilipata ruhusa ya kuhudhuria kwa sharti la kunyamaza, maana binti hana neno kwenye ardhi. Wazee wakagawanyika. Wengine walimkumbuka bibi yangu na jembe lake. Wengine walikumbuka zaidi pombe waliyonyweshwa na baba mdogo juzi yake. Wakazunguka na neno hilo hadi mchana, na njaa ikaanza kuwauma.

Hapo binamu yangu akasimama na tai yake. "Wazee wangu, mnabishana kwa nini katika dunia ya leo? Maktaba ya dunia nzima ipo Migori, juu ya meza yangu. Mimi nitaiuliza. Haina ukoo, haina pombe, haimjui mtu. Itasema kweli."

Na wazee wakakubali! Watu ambao hawakuwahi kuamini hata redio ikitangaza mvua. Watu ambao mama yangu alikaa nao miaka yote hiyo na hawakumwamini neno moja. Waliambiwa kuna chombo Migori, wakanyanyua viti vyao wakaenda kula. Sikuwahi kuona uvivu ukivalishwa heshima namna ile.

Baada ya muda binamu akarudi na karatasi. Baraza likakaa tena. Alisoma kwanza kwa Kiingereza, kwa pua, na wazee wakatikisa vichwa pale ambapo hawakuelewa, yaani kote. Kisha akafasiri: katika sehemu hizi za kusini mwa Nyanza, mjane asiyerithiwa hashiki jembe katika shamba la mumewe. Shamba hushikwa na ndugu wa marehemu, ambaye huitwa jicho la marehemu.

Nilimtazama mama, naye alikuwa ananitazama. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, mnyenyekevu kupindukia. "Mimi sina la kuongeza," alisema. "Dunia imesema."

Nilivunja sharti la kunyamaza. "Nani aliyeandika hayo? Na yeye aliambiwa na nani?"

Binamu alinihurumia kwa macho. "Mwalimu, intaneti haiambiwi. Inajua."

Haki ya Mungu, nilitaka kumkaba kwa tai yake. Badala yake nikaomba wazee wasikate shauri mpaka mimi na mama tuione maktaba hiyo kwa macho yetu. Wakakubali kwa sababu hawakuona hatari: mwalimu asiye na cheti na nyar Kuria, wataona nini?

Migori, kwenye mlango wa ofisi ile, binamu alituambia tuvue viatu. Ati vumbi linaua kompyuta. Mama akavua polepole, akasimama kwa soksi zake zilizotoboka kidole gumba. "Kumbe ni madhabahu," akasema. Ndani, chombo kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha maua cha kufunikia makochi, na binamu alikifunua taratibu mno. Akaunganisha waya wa simu. Chombo kikalia, kikakoroma, simu ikakatika. Akaanza upya. Ikakatika. Tulikaa pale tukingoja elimu yote ya binadamu mpaka mama akatoa ndizi kwenye kikapu akala.

Hatimaye ukurasa ukaja, maneno kwanza. Nikamwambia binamu atafute ukurasa mwingine wowote unaozungumza juu ya wajane wa kwetu. Akaandika hivi, akaandika vile. Hakuna. Maktaba ya dunia nzima ilikuwa na ukurasa mmoja juu yetu. Ule ule.

"Na hapa chini kuna nini?" nilimwuliza. Palikuwa na kisanduku kitupu chenye alama nyekundu.

"Ni picha. Sikuifungua. Inakula muda wa simu."

"Ifungue."

Siku hizo picha haikuja mara moja. Ilishuka kutoka juu, ukanda mwembamba baada ya ukanda mwembamba, nawe unangoja. Ukatokea ukanda wa mbingu. Ukatokea ukingo wa paa.

"Hayo mabati ni yangu," mama akasema.

"Mama, mabati ni mabati, yako kila—" binamu akaanza.

"Angalia hiyo lami. Aliyeipaka ni marehemu mjomba wako, palipokuwa panavuja. Usinifundishe paa langu."

Ukashuka mlango wetu wa buluu. Yakashuka manyoya ya kanga. Ikashuka kofia ya kijani. Yakaja macho ya baba mdogo, pua yake, tabasamu lake la kushiba. Tukangoja tena. Ukanda wa mwisho kabisa ukaleta sahani juu ya goti lake, ya bati, yenye ua jekundu, na mguu wa kuku umebaki ukingoni, vidole vimemwelekea yeye.

Mama alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea! Walimwengu, hata Ulaya umemwelekea!" Kisha kicheko kikakatika ghafla, akasema kwa sauti ndogo, "Yule alikuwa anataga kila siku."

Nilisoma maelezo chini ya picha. Yalisema huyo ni mzee wa ukoo na mjuzi wa mila. Hapakuwa na neno juu ya mwenye nyumba. Binamu alikuwa anatokwa na jasho. Nilimwuliza, "Hii ndiyo isiyomjua mtu?" Akajibu kwamba hata hivyo imo kwenye intaneti, na haiwezi kuwa imo tu bure. Nikamlazimisha auchapishe ukurasa pamoja na picha, na akachapisha kwa kunung'unikia wino.

Tulirudi Kosele mimi nikiwa na furaha ya kijinga. Niliona tayari jinsi wazee watakavyomgeukia, jinsi atakavyovua kofia kwa mara ya kwanza. Mimi niliyejidai kuwacheka waliomwamini binamu, nami nilikuwa naamini karatasi.

Niliwatandazia picha. Nikawaeleza pole pole, tena kwa Dholuo: aliyeandika aliambiwa na huyu hapa, akiwa amekaa kwa mama, akila kwa mama. Kwa hiyo mtu huyu amejishuhudia mwenyewe. Mzee wa kwanza akaiinua picha karibu na jicho lake. Akampa wa pili. Ikazunguka. Baba mdogo akaanza kuisokota fimbo yake. Kisha mzee wa kwanza akasema:

"Kumbe ndugu yetu anajulikana mpaka Ulaya!"

Wakampigia makofi. Nasema wakampigia makofi. Mmoja akainuka akamshika mkono. Mwingine akauliza kama Wazungu walimlipa, na baba mdogo, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti, akajikunjua kiungo kwa kiungo, akasema kwa upole kwamba elimu haiuzwi. Naibu wa chifu akatoa hukumu akiwa bado anatabasamu: mtu ambaye dunia nzima inakwenda kumwuliza, sisi wa Kosele ni nani tumkatae? Shamba la chini litashikwa na jicho la marehemu.

Mama akasimama. Akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie na asiwepo wa kumkosoa matamshi, "Mmeiona sahani? Mmemwona kuku? Kuku alikuwa wa nani?"

Walicheka. "Nyar Kuria, sisi tunazungumzia ardhi, wewe unazungumzia kuku!"

Mama hakulia pale. Alilia nyumbani, amefungia mlango ule wa buluu, na sisi wanawe tulikaa nje tukimsikia na hatukujua la kufanya. Msimu ule tulinunua mahindi. Tuliyanunua sokoni mbele ya watu waliojua tuna shamba jeusi kando ya kijito, na aibu hiyo sijawasamehe hata leo. Sitawasamehe.

Baba mdogo alilimisha shamba kwa ng'ombe wa watu, akapanda, kisha akawa na shughuli. Shughuli gani? Ya kuwa mjuzi. Ile picha aliiomba kwa naibu wa chifu, akaitia kwenye mfuko wa koti, na akawa anashinda Kosele anawaeleza wachuuzi mila za ndoa, mila za mazishi, mila za mambo ambayo hata hayana mila. Watu wakamnunulia chai. Binamu yangu alipokuja siku za soko alikaa kando yake akiitikia. Palizi ya kwanza ikapita. Palizi ya pili ikapita. Shamba likashikwa na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka mizizini, na kufikia mavuno lilikuwa limependeza sana kutazama na halikuwa na gunzi hata moja la maana. Alimtuma mtu kumwambia mama kwamba sasa anaruhusiwa kuja kung'oa. Mama alimrudishia salamu: mwambieni marehemu ana chongo.

Mvua iliyofuata, mama alichukua jembe asubuhi akashuka mpaka kijitoni, akaanza kung'oa kayongo kutoka mwanzo wa shamba. Hakuomba mtu. Nami na dada yangu tukamfuata. Baba mdogo alitutazama kutoka barabarani, akaweka mkono mfukoni palipokuwa na picha, akaona hakuna wa kumwonyesha. Akaenda zake sokoni. Wazee hawakuita baraza, na hukumu yao hakuna aliyeitaja tena. Ndivyo shamba lilivyorudi.

Baba mdogo ameshazikwa, na picha ile sijui kama walimzika nayo. Lakini ukurasa haufi. Juzi niliufungua kwenye simu yangu nikiwa uani kwa mama, na sasa haukai peke yake. Wengine wameunukuu, na wengine wakawanukuu hao, na wote wanakubaliana, kwa Kiingereza safi, kwamba katika sehemu zetu mjane asiyerithiwa hashiki jembe. Nilimsomea mama. Alikuwa ameketi kwenye gunia, anapukuchua mahindi ya shamba la chini, mzee sasa, vidole vimekakamaa lakini punje zinaruka.

"Na kuku wangu wamemwandika?"

"Hapana, mama. Hayumo."

"Mahali popote?"

"Hayumo popote."

Akachukua gunzi jingine. "Waambie waje waulize," alisema. "Mimi bado nipo. Lakini safari hii waje na kuku wao."